Uzamivu wa Nchi Mbili: Jinsi ya Kutafuta Fedha za Utafiti Ng'ambo

Mwanafunzi wa uzamivu wa Dar es Salaam, Eldoret au Bujumbura anapotafuta fedha za kwenda kufanya sehemu ya utafiti wake nje, mara nyingi huanzia pasipofaa. Anapitia matangazo ya ufadhili, anachagua lenye posho nene, kisha anaupunguza na kuunyoosha utafiti wake mpaka ulingane na tangazo. Kamati za uteuzi huubaini ujanja huo tangu ukurasa wa kwanza. Hazina haja ya kujua kama unahitaji fedha, maana kila mwombaji anazihitaji. Zinauliza kwa nini kazi hii haiwezi kufanyika ulipo, na kwa nini ifanyike huko unakotaka kwenda. Ukiwa na majibu hayo, mifuko isiyokufaa itajiondoa yenyewe. Kwa hiyo tutaanza na sababu ya safari, ndipo tufike kwenye fedha.

1. Andika sababu ya safari kwa sentensi moja

Tuchukue mfano wa kubuni tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Mwanafunzi amesajiliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na anafanyia kazi zake Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja. Anachunguza bakteria wanaopatikana kwenye mwani unaougua. Uzito wa somo lake uko wazi: kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, wakulima wake wengi ni wanawake, na aina yenye bei nzuri zaidi, cottonii, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi. Sampuli zipo Paje na Jambiani, na wakulima wanaoujua ugonjwa huo kwa macho wako huko huko. Kinachokosekana ni uwezo wa kusoma vinasaba vya sampuli nyingi kwa pamoja, na mtu wa kumfundisha kuchambua data zitakazotoka.

Sentensi yake iwe hivi: "Nahitaji miezi mitano katika maabara inayochambua vinasaba vya vijidudu vya baharini, ili nijifunze kuchakata data za sampuli nilizokusanya kwa misimu miwili; kazi hiyo itakuwa sura ya tatu ya tasnifu yangu." Sentensi hiyo ina muda, ina kazi, na inaonyesha kazi hiyo itakaa wapi ndani ya tasnifu. "Natamani kupata uzoefu wa kimataifa" haimpi msomaji kitu cha kupima.

Kabla ya kuitazama Ulaya, angalia jirani. Nairobi, katika kampasi ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, kuna kituo cha bayoteknolojia cha Afrika Mashariki na Kati. Arusha kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Huenda vinasaba vikasomwa Nairobi, safari ya mbali ikabaki ya uchambuzi wa data peke yake. Safari hiyo ni fupi, ni nafuu, na inamwaminisha msomaji wa andiko lako kwamba umepima kabla ya kuomba.

Kwa wasiotumia maabara, sababu yaweza kuwa nyaraka. Anayesoma miswada ya kale ya Kiswahili ana hoja ya kwenda SOAS, London, ambako kuna mkusanyiko mkubwa. Anayeandika historia ya utawala wa Wajerumani atakuta sehemu ya majalada Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na sehemu nyingine Berlin. Taja jalada au mkusanyiko unaoutaka. Jina la jiji halitoshi.

2. Chagua umbo la masomo

Kuna maumbo manne, na kila mfadhili hulipia baadhi yake tu.

La kwanza ni uzamivu mzima nje: unasajiliwa huko, unakaa huko, unatunukiwa huko. La pili ni mfumo ambao wengi vyuoni huuita sandwichi: unasajiliwa nyumbani na kutunukiwa shahada nyumbani, lakini unakwenda nje kwa vipindi. Sweden iliutumia mfumo huu kwa miaka mingi ilipofadhili utafiti katika vyuo kama Dar es Salaam na Makerere, na wahadhiri wengi waliopo sasa walipitia humo. La tatu ni usimamizi wa pamoja wa vyuo viwili, ambao Wafaransa huuita cotutelle: tasnifu moja, wasimamizi pande zote mbili, na mkataba unaoeleza shahada itatolewa vipi. La nne ni ziara fupi, kuanzia siku chache hadi miezi mitatu.

Kama una ajira ya uhadhiri, watoto wadogo, au utafiti ambao uwanja wake uko nyumbani, umbo la pili ndilo linalokaa vizuri zaidi. Usajili haukatiki, nafasi ya kazi haipotei, na msimamizi wa nyumbani anabaki na mamlaka juu ya tasnifu. Usimamizi wa pamoja una heshima yake, ila mkataba wake hupita mikono mingi. Uanze mwaka wa kwanza wa masomo. Ukisubiri mwaka wa tatu, unaweza kumaliza tasnifu kabla saini hazijatimia.

3. Jua funguo za mfuko ziko kwa nani

Wengi hupanga ufadhili kwa nchi: wa Ujerumani, wa Uingereza, wa Ubelgiji. Mpangilio unaokusaidia zaidi ni wa kujua nani hasa anaomba, kwa sababu ndiye atakayekuambia uanze kumwona nani.

*Mifuko unayoomba mwenyewe.* Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaoitwa Split-site: unasajiliwa chuo cha nyumbani, unakwenda chuo cha Uingereza kwa muda usiozidi miezi 12, na shahada inatolewa nyumbani. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuutazama. Burundi na Kongo si wanachama wa Jumuiya hiyo. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma lenye ofisi Nairobi tangu 1973, ina ruzuku ya uzamivu unaosimamiwa na nchi mbili, ya hadi miezi 24 ya kukaa Ujerumani. Angalia sharti lake la umri wa shahada: kwa kawaida haitakiwi kupita miaka sita tangu umalize shahada yako ya mwisho. Kwa wanawake wa fani za sayansi kuna OWSD, shirika lenye makao Trieste, Italia, ambalo hufadhili uzamivu katika nchi nyingine zinazoendelea, pamoja na mtindo wa kwenda na kurudi. Kwa ziara fupi za vyuo vya Ulaya, kundi la vyuo la Coimbra lina nafasi za watafiti vijana wa Afrika za mwezi mmoja hadi mitatu.

*Mifuko inayopitia chuo chako.* Hapa wewe huombi kwa mfadhili, unaomba kwa ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo. Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya ndiyo kubwa. Vyuo viwili vikiwa na makubaliano na bajeti, mwanafunzi anaweza kwenda miezi 2 hadi 12 bila kulipa ada katika chuo kinachompokea; wa uzamivu wanaruhusiwa pia safari fupi za siku 5 hadi 30. Nafasi hizi wakati mwingine hazijai kwa sababu tangazo lilibandikwa ubao usiosomwa na mtu. Nenda ofisini ukaulize maswali mawili: tuna makubaliano na vyuo gani, na yanahusu fani zipi? CARTA nayo, mpango wa kuwaandaa watafiti wa afya unaoongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huchukua watumishi wa taasisi wanachama, miongoni mwao vyuo vya Dar es Salaam, Makerere, Nairobi na Moi. Umoja wa Ulaya una pia mpango wa kubadilishana wanafunzi na watumishi kati ya vyuo vya Afrika vyenyewe. Kwa vyuo vya Kongo, Ubelgiji ni mshirika wa siku nyingi kupitia mashirika ya vyuo vyake, ARES na VLIR-UOS.

*Mifuko iliyomo ndani ya mradi wa profesa.* Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, iko hapa. Profesa na wenzake wameshapata fedha, sasa wanatangaza nafasi, na anayeteuliwa hupewa mkataba wa ajira wenye mshahara. Uraia wowote unakubaliwa, lakini kuna sharti linalowaangusha wengi: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Aliyemaliza shahada ya umahiri Leuven mwaka jana huenda asifae Ubelgiji, lakini akafaa Uholanzi au Hispania. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS.

Kundi hili la tatu linamhusu msimamizi wako pia. Vyuo vya nchi zetu vinaweza kupokea fedha za Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, moja kwa moja kama washiriki wa miradi. Mpango huo wa 2021 hadi 2027 unaongeza asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji. Chuo chako kikishiriki, fungu hilo linakihusu. Mkumbushe msimamizi alidai wakati andiko linaandikwa, kwa sababu bajeti ikishapitishwa, nafasi ya kudai huwa imekwisha.

Usiweke matumaini yote mahali pamoja. Uingereza imetangaza kushusha misaada yake ya maendeleo kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Marekani iliifunga USAID mwaka 2025, na mwaka huohuo taasisi yake ya afya, NIH, ilisitisha utaratibu wa zamani wa kupitisha fedha kwa washirika wa nje. Kabla ya kuandika chochote, hakikisha tangazo unalosoma ni la mwaka huu.

4. Mwandikie profesa barua anayoweza kuijibu

Mifuko mingi hudai barua ya kukubaliwa kutoka kwa mwenyeji, hivyo barua pepe yako ya kwanza ina thamani kubwa. Fungua kwa salamu fupi, kisha ingia kwenye jambo. Aya ya kwanza: wewe ni nani, umesajiliwa wapi, nani anakusimamia. Ya pili: swali la utafiti na data ulizo nazo tayari. Ya tatu: makala yake ipi uliyoisoma na inakutana wapi na kazi yako. Ya nne: ile sentensi yako moja, na mfuko unaokusudia kuomba, pamoja na tarehe ya mwisho. Maliza kwa kuomba mazungumzo ya dakika ishirini.

Adabu zetu hutufundisha kutanguliza shukrani nyingi na kumsifu mkubwa. Katika barua hii zipunguze. Profesa anayepokea barua nyingi kwa siku hutafuta jambo lenyewe, na sifa ndefu humchelewesha. Nyumbani, kinyume chake, usimruke msimamizi wako. Mwonyeshe barua kabla haijaondoka na umweke kwenye nakala. Profesa wa nje akimjua msimamizi wako, hata kwa mkutano mmoja, acha msimamizi ndiye akutambulishe.

Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja. Baada ya hapo mwandikie mwingine. Watafiti wachanga wa maabara hiyo hiyo hujibu haraka kuliko mkuu wao.

5. Bajeti: fedha za mtu na fedha za kazi

Kosa kubwa katika bajeti za safari hizi ni kuchanganya mafungu mawili. Ruzuku ya safari hulipia mtu: nauli, posho ya kujikimu, bima, pengine viza. Kwa kawaida hailipii kazi: vitendanishi, mashine, boti ya kwenda kwenye mashamba ya mwani, posho ya wasaidizi wa uwandani, gharama ya kusafirisha sampuli kwenye barafu kavu. Mwanafunzi wetu anaweza kupata miezi mitano ya posho nzuri, akafika maabara na kuambiwa kila sampuli inalipiwa.

Kwa hiyo tafuta mafungu yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa fedha za kazi kuna ruzuku ndogo za kanda. Kwa watafiti wa bahari, WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, kimekuwa kikitoa ruzuku za ushindani. Muulize mwenyeji kama maabara itabeba gharama za uchambuzi, na akikubali aandike hivyo kwenye barua ya mwaliko. Ukiunganisha wafadhili wawili, waeleze wote wawili. Hawakatazi kuunganisha, wanakataza gharama moja kulipwa mara mbili.

Andika bajeti kwa sarafu ya mfadhili na utaje tarehe ya kiwango cha kubadilishia. Uliza kama tiketi inanunuliwa na mfadhili au unanunua wewe na kurejeshewa baadaye. Kwa mshahara wa mhadhiri msaidizi, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama safari ipo. Uliza pia posho ya kwanza inaingia lini. Kufungua akaunti ya benki ughaibuni kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na mwenye nyumba huko hudai kodi ya mwezi na amana siku ya kwanza. Kama mfadhili anaweza kukulipa sehemu kabla hujaondoka, omba hivyo kwa maandishi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza kila risiti na kila kipande cha tiketi ya ndege, kwa kuwa baadhi ya wafadhili hushikilia sehemu ya mwisho ya fedha mpaka ripoti ikamilike.

6. Vibali huchukua muda kuliko fedha

Kwa utafiti wa sampuli au wa watu, vibali vianze kabla ya majibu ya ufadhili. Kenya, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, inamhusu kila mtafiti, mwenyeji na mgeni. Uganda, utafiti husajiliwa na baraza la taifa la sayansi, UNCST. Tanzania, tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, hushughulikia kibali cha mtafiti mgeni, jambo litakalokuhusu profesa wako akija kutembelea uwanda. Utafiti wa afya ya binadamu hupitia taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR. Na Zanzibar ina utaratibu wake.

Kutoa sampuli nje ya nchi ni suala jingine kabisa. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inadai idhini ya nchi yenye rasilimali na makubaliano ya mgawanyo wa faida. Utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na taasisi zote mbili. Kama kilichosafiri ni data peke yake, kwa sababu vinasaba vilisomwa Nairobi, mzigo huo hupungua. Hiyo ni sababu nyingine ya kuangalia jirani kwanza.

Viza nayo inaweza kubadili mpango mzima. Nchi za Schengen huruhusu mgeni wa muda mfupi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ukizidisha unahitaji viza ya muda mrefu au kibali cha kuishi cha nchi husika. Miezi mitano ya mwanafunzi wetu inavuka mpaka huo. Anaweza kuigawa iwe ziara mbili zilizoachana vya kutosha, au kuanza mapema maombi ya kibali. Uingereza, kukaa zaidi ya miezi sita kunaleta kipimo cha kifua kikuu kwa waombaji wa Afrika Mashariki na tozo ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Fani kadhaa za sayansi na uhandisi hudai pia idhini ya usalama iitwayo ATAS. Ni bure, lakini ni lazima uipate kabla ya kuomba viza. Ulizia kama maombi yanapokelewa katika jiji lako au utalazimika kusafiri nchi jirani, kisha uiweke nauli hiyo kwenye bajeti.

Ukiwa mtumishi wa umma, kumbuka likizo ya masomo na kibali cha mwajiri cha kusafiri nje. Soma masharti ya dhamana: utatakiwa kurudi kutumikia miaka mingapi, na mshahara utaendelea wakati haupo?

7. Makubaliano yaandikwe kabla ya ndege

Kaa na wasimamizi wote wawili, hata kwa njia ya mtandao, mkubaliane kurasa mbili. Nani ana neno la mwisho juu ya tasnifu? Mtakutana mara ngapi? Data zitahifadhiwa wapi, na nani atazifikia baada ya wewe kuondoka? Sampuli zitakazobaki zitarudishwa, zitatunzwa au zitaharibiwa? Nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ya sura ya tatu, na watafiti wa nyumbani waliokusanya data majina yao yatakaa wapi?

Mtu huona haya kuyauliza maswali haya mbele ya wakubwa, na ndiyo maana yafaa kuandikwa mapema, kabla hayajawa malalamiko. Watafiti wengi wa Afrika wamekusanya data za miradi mikubwa kisha wakajikuta kwenye aya ya shukrani. Mshirika mwema atafurahi kuona umeyafikiria. Anayechukizwa na karatasi hiyo amekupa taarifa muhimu bure.

8. Ukiwa huko, na ukirudi

Wiki ya kwanza omba mafunzo ya usalama wa maabara, kadi ya kuingilia na idhini ya kutumia maktaba. Bila hivyo mwezi unakwisha ukisubiri. Pakua makala na ujifunze programu ambazo utaweza kuzitumia bila leseni ya gharama ukirudi. Ujuzi unaotegemea mashine usiyokuwa nayo nyumbani utaishia uwanja wa ndege. Tuma ripoti ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa nyumbani kila mwezi, ili usirudi na sura ambayo yeye hajaiona.

Ukirudi, toa semina idarani na ufundishe angalau wenzako wawili kile ulichojifunza. Kisha iombe ofisi ya uhusiano wa kimataifa iandike makubaliano rasmi na idara iliyokupokea, kama hayakuwapo. Mara nyingi uhusiano huwa wa watu wawili, na mmoja wao akistaafu unakwisha. Ukiwa umeandikwa, mwanafunzi wa mwaka kesho ataanzia hatua ya tatu ya mwongozo huu badala ya ya kwanza.

Wiki hii fanya mambo matatu

Andika sentensi yako ya sababu na umpelekee msimamizi aikosoe. Nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa ukaombe orodha ya makubaliano yaliyo hai. Tengeneza jedwali lenye safu nne: jina la mfuko, nani anaomba, unalipia mtu au kazi, na tarehe ya mwisho. Likijaa mistari mitano, anza na mfuko wenye tarehe ya karibu ambao sentensi yako inaingia bila kubadilishwa hata neno.